Kumtathmini na kumhudumia mteja nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wanafunzi wa ustawi wa jamii walio kwenye mafunzo kwa vitendo, na ndugu waliojikuta wanauguza mtu nyumbani bila kufundishwa na yeyote. Mazingira ni ya Tanzania Bara. Jambo la Zanzibar limetajwa pale lilipo. Mengi ya maswali niliulizwa kwenye mabenchi ya zahanati na ofisi za mitaa, mengine kwa simu saa nne usiku.

Tathmini ni nini hasa? Si ndiyo kujaza fomu?

Fomu ni ghala tu la kutunzia ulichokiona. Tathmini yenyewe ni kujua mtu huyu anaishije: nini anakimudu, nini kinamshinda, nani yuko karibu naye, na yeye mwenyewe anataka nini. Ukitoka na fomu iliyojaa mpaka ukingoni lakini hujui mteja analala wapi na choo kiko umbali gani, bado hujafanya kitu.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikuwa najaza fomu nikiwa nimeinama muda wote. Bibi mmoja akaniuliza, "Mjukuu wangu, unaniandika mimi au unaandika hiyo karatasi?" Tangu siku hiyo fomu naijaza nje, chini ya mti, nikishaaga.

Kwa nini mnamwita "mteja"? Huyu si mgonjwa?

Wodini ni mgonjwa. Kwetu wengine hawaumwi kabisa: mtoto aliyefiwa na wazazi wote wawili, mama aliyefukuzwa kwa mumewe, mzee mwenye afya njema asiye na wa kumpikia. "Mteja" ni neno la kwenye faili. Mbele yake yeye ni Bibi, Mzee, Mama Fulani, na unaanza na shikamoo. Nimewahi kumsikia mwanafunzi wa fildi akimwambia mzee wa miaka themanini, "Mteja, unajisikiaje?" Mzee akageuka kutazama nyuma yake, akidhani ameingia mtu mwingine.

Nani anafanya tathmini?

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaibua, anapima vya msingi na kutoa rufaa. Mpango mpya wa wahudumu hawa ulizinduliwa Januari 2024, kwa lengo la kuandaa zaidi ya watu 137,000 katika miaka mitano, wawili kwa kila mtaa au kitongoji. Muuguzi na tabibu wanashughulika na ugonjwa. Afisa ustawi wa jamii anaangalia familia, kipato, ulinzi wa mtoto na msamaha wa matibabu. Ndugu wa nyumbani anatathmini kila siku bila kujua, na taarifa zake mara nyingi ndizo bora kuliko zetu sote.

Siku ya kwanza nianzie wapi?

Anzia kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa au mjumbe ujitambulishe, kisha hodi. Ukikaribishwa, kaa pale utakapoonyeshwa, hata kama ni kwenye ndoo iliyogeuzwa.

Halafu zije salamu, na hapa ndipo wageni wa kazi wanapopotea. Kiswahili kimetufundisha kujibu vizuri hata tukiwa tumelala mahututi. "Habari za hapa?" "Nzuri." "Hujambo, bibi?" "Sijambo, namshukuru Mungu." Ukiandika "mteja hana tatizo" kwa sababu amesema hajambo, umeandika adabu yake, hali yake bado huijui. Subiri. Baada ya "sijambo" huwa linakuja neno dogo: *ila*. "Sijambo mwanangu, ila haya magoti." "Wazima wote, ila huyu mdogo hashiki chakula." Tathmini inaanzia hapo kwenye ila. Ukikimbilia swali la pili kwenye fomu, unaikata kabla haijatoka.

Isipokuja yenyewe, ivute kwa kuuliza habari ya jana: "Jana ulipoamka ulifanya nini? Nani alikuteremsha kitandani? Chai ulinywa na nini?" Mtu anaweza kukuficha hali yake, lakini kuitunga siku nzima kuanzia asubuhi mpaka usiku ni kazi ngumu. Anapofika saa ya kwenda chooni na kunyamaza, umeshajua.

Nikiwa ndani niangalie nini?

Kuna kipimo kinachotumika sana duniani kiitwacho Barthel, kilichochapishwa Marekani mwaka 1965. Kina vipengele kumi: kula, kuoga, usafi wa uso na kinywa, kuvaa, kuzuia haja kubwa, kuzuia haja ndogo, kutumia choo, kuhama kutoka kitandani kwenda kwenye kiti, kutembea, na kupanda ngazi. Alama zinakwenda mpaka 100. Kizuri chake ni kwamba kinaangalia vitendo, hakijali jina la ugonjwa.

Kasoro yake ni kwamba nyumba nyingi ninazoingia hazina ngazi hata moja. Zina kizingiti kirefu, ua wenye matope, na choo cha shimo cha kuchuchumaa upande wa pili wa ua. Mtu anaweza kupata alama nzuri kabisa na bado akaanguka kila masika akienda kujisaidia. Kwa hiyo nenda naye mpaka chooni, kwa miguu yako. Angalia anashika wapi akichuchumaa na akiinuka. Gogo moja lililochimbiwa ardhini kando ya tundu limewahi kumsaidia mtu kuliko dawa zote alizopewa.

Nitaeleza nyumba moja, kwa sababu inaonyesha kazi hii ilivyo. Mzee alikuwa amepata kiharusi, upande wa kushoto umepooza. Mke wa mwanawe alilalamika kwamba baba mkwe amekuwa mkorofi: anagoma kula, kila siku anabakiza nusu sahani, kisha baada ya muda anasema ana njaa. Nilifika saa saba wakati chakula kinaletwa. Ugali na dagaa kwenye sahani ya bati. Mzee akala taratibu, akaweka mkono chini, akasema amemaliza. Kilichobaki kilikuwa chote upande wa kushoto, kimekatwa kama kwa kisu katikati ya sahani. Sikusema kitu, nikaizungusha sahani nusu duara. Mzee akaitazama, akasema, "Mmeniongeza?" akaendelea kula mpaka ikaisha. Mkwe akakaa kimya, kisha akasema, "Kumbe siku zote hizi."

Baada ya kiharusi cha upande wa kulia wa ubongo, baadhi ya watu huacha kabisa kuuhisi upande wao wa kushoto. Macho yanaona, ila akili haigeuki huko. Kikombe chake cha maji nacho kilikuwa kwenye kigoda, kushoto. Tiba ya siku hiyo ilikuwa kuhamisha kigoda, kugeuza sahani, na kumzoesha kidogo kidogo kuangalia upande aliousahau.

Mzee anasema anajiweza kwa kila kitu. Binti yake anasema hawezi chochote. Nimwamini nani?

Wote wawili wanakueleza kitu cha kweli: mzee anatetea heshima yake, binti amechoka. Acha maneno, omba kuona. "Baba, naomba uinuke tutembee kidogo tukaone hiyo migomba." Kuna jaribio rahisi: akiwa amekaa kwenye kiti, ainuke, atembee mita tatu kwa mwendo wake wa kawaida, ageuke, arudi akae. Hesabu kwa saa ya simu. Akichukua sekunde 12 au zaidi, yuko kwenye hatari ya kuanguka. Lakini usikodolee saa tu. Je, aliinuka kwa kusukuma mikono? Aliyumba akigeuka? Alishika ukuta? Kaa karibu naye umdake.

Kwa wenye ulemavu kuna maswali sita yanayotumika kwenye tafiti nyingi za kitaifa: kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia, na kuwasiliana. Uzuri wake ni kwamba hayaulizi "wewe ni mlemavu?" Swali hilo huwafanya wengi wakatae. Yanauliza una ugumu kiasi gani, na watu hujibu bila kuona aibu.

Kuhusu dawa, niulize vipi?

Usiulize "unameza dawa gani?" Sema, "Naomba nizione dawa zote za humu ndani." Utaletewa mfuko. Mwaga juu ya kitambaa. Mara nyingi utakuta dawa moja ya presha yenye majina mawili ya viwanda tofauti, na mgonjwa anameza zote akidhani ni dawa mbili. Angalia jina dogo lililo chini ya jina kubwa. Utakuta za jirani, za marehemu, na zilizokwisha muda. Uliza na za mitishamba kwa upole, bila kukunja uso. Ukimcheka leo, kesho atakuficha.

Kisha muulize anazimezaje. Kwenye pakiti imeandikwa 1×2, yaani kidonge kimoja mara mbili kwa siku. Mzee mmoja alinieleza kwa kujiamini kwamba hiyo ni moja kila baada ya siku mbili. Presha yake ilikuwa juu ya 180 na hakuna aliyejua kwa nini.

Usimwachishe dawa wewe. Zifunge, ziandike, mpeleke kwa tabibu nazo.

Amelala kitandani miezi sasa. Vidonda vya kulalia tunavizuiaje?

Swali hili linaulizwa kuliko yote, na ndugu wengi wanafanya makosa kwa upendo mkubwa.

Mgeuze kila baada ya saa mbili mchana, na usiku kwa kadiri mnavyoweza kupangiana zamu. Mlaze kiubavu kwa kuegemeza mgongo kwenye mto, mto mwingine katikati ya magoti. Visigino visiguse godoro kabisa: weka khanga iliyokunjwa chini ya mashavu ya miguu ili visigino vining'inie. Msimburute akishuka chini. Mnyanyueni watu wawili kwa shuka. Ngozi ya mtu aliyekonda inachubuka kwa kuburutwa mara moja tu.

Vitabu vinasema tafuta sehemu iliyogeuka nyekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani. Tumia kiganja: kiunoni kwa nyuma, kwenye nyonga, visigino, mabega, hata nyuma ya masikio. Sehemu yenye joto kuliko jirani yake, au ngumu, au iliyovimba, au inayong'aa na kuwa nyeusi zaidi, hapo kidonda kinaanza chini kwa chini. Toa uzito wote hapo. Usiikande: ukiikanda unaumiza nyama iliyokwisha kudhoofu. Usimkalishe pia kwenye kata ya nguo au mpira wa duara. Ule mduara unabana damu pembeni na kuongeza tatizo.

Kidonda kikishafunguka, kinahitaji muuguzi. Dawa ya meno, unga wa kidonge kilichosagwa, na mafuta ya breki (ndiyo, nimeyakuta) haviweki mtu katika hali nzuri.

Anapaliwa kila akinywa. Ni kawaida baada ya kiharusi?

Inatokea sana na ni hatari, maana maji na chakula vinaweza kuingia kwenye mapafu na kuleta nimonia. Aketi wima kabisa wakati wa kula na abaki wima kama nusu saa baadaye. Kijiko kidogo, ameze kwanza ndipo kifuate kingine. Maji na chai nyepesi humpalia kuliko uji mzito, kwa hiyo usidhani kinywaji ni salama zaidi kwa kuwa ni laini. Asiyejitambua vizuri au mwenye usingizi asilishwe. Akiwa na sauti ya majimaji baada ya kumeza, au homa inayorudi rudi, apelekwe kituoni.

Na kama ndiyo kwanza mdomo umepinda, mkono umeishiwa nguvu, au ulimi umekuwa mzito, hiyo si habari ya tathmini ya nyumbani wala ya kusubiri kuona kama litapita. Hospitali, saa hiyo hiyo.

Bibi amekuwa msahaulifu na mkimya. Si uzee tu?

Kusahau umeweka wapi miwani ni uzee. Kusahau njia ya kutoka kisimani ulikochota maji miaka arobaini ni jambo la kupimwa. Na likija ghafla, kwa siku mbili tatu, mtu akachanganyikiwa na kuweweseka, tafuta ugonjwa mwingine kwanza: malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, sukari kushuka, kukosa maji mwilini, au dawa mpya.

Ukimya nao usiupuuze. Kuna dodoso la maswali tisa la kupima sonona, linaloangalia wiki mbili zilizopita, alama kuanzia 0 hadi 27, na limeshatumika kwa Kiswahili. Watu wetu hawasemi "nina sonona." Husema moyo mzito, mawazo mengi, mwili umekufa ganzi, usingizi umekimbia. Swali la tisa linahusu kuwaza kufa au kujidhuru. Wengi wanaliruka kwa kuogopa kumtia mtu wazo. Liulize, kwa sauti ya chini, mkiwa wawili. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo, na wengine hulia kwa nafuu kwamba hatimaye mtu ameuliza. Akijibu ndiyo, usimwache peke yake, ondoa sumu za shambani mahali pa wazi, na rufaa iwe ya siku hiyo.

Na mtoto je?

Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, utepe wa kupima mkono ndio rafiki yako. Chini ya sentimita 11.5 ni rangi nyekundu, yaani utapiamlo mkali. Kati ya 11.5 na 12.5 ni njano. Bonyeza pia miguu yote miwili: vidole vikiacha shimo, apelekwe kituoni hata kama mkono unaonekana mnene.

Hesabu watoto wa nyumba hiyo. Hesabu tena kwa kutaja majina. Mwenye ulemavu mara nyingi ndiye asiyetajwa, yuko chumba cha nyuma. Usiingie kwa kishindo cha sheria; mama huyo ameshasikia ya kutosha kutoka kwa wakwe na majirani. Muulize jina lake na anapenda nini.

Nikigundua mtu ananyanyaswa nifanye nini?

Kwanza usimwahidi siri usiyoweza kuitunza. Kwa mtoto, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka anayejua kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa; kuna simu ya bure 116, afisa ustawi wa jamii, na Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Baadhi ya hospitali zina vituo vya mkono kwa mkono, ambapo matibabu, polisi na ushauri vinapatikana chini ya paa moja. Aliyebakwa afike hospitali ndani ya saa 72, kwa ajili ya dawa za kuzuia VVU. Mapema zaidi ni bora zaidi.

Kwa mtu mzima anayejitambua, uamuzi ni wake. Wewe hakikisha anaujua mlango wa kutokea.

Kwa wazee kuna jambo ambalo kanda ya Ziwa wanalijua kwa uchungu. Wanawake wazee wameuawa kwa kuitwa wachawi, wengine kwa sababu tu macho yao ni mekundu, na macho hayo yamekuwa mekundu kwa miaka hamsini ya moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe. Ukisikia maneno yanazunguka mtaani juu ya bibi fulani, usiyachukulie kuwa porojo. Yaandike, mwambie afisa wa kata na polisi, na uone kama analala peke yake.

Mwenyekiti wa mtaa anataka kujua mteja anaumwa nini. Nimwambie?

Hapana. Mweleze kinachohitajika kwake, basi: "Tunaomba barua ya utambulisho, familia hii inahitaji msaada." Kuhusu VVU, akili, au mimba, hilo ni la mteja. Sauti pia ni siri. Nyumba ya kupanga yenye vyumba sita na dari isiyofika juu haina siri. Toka naye nje, tembeeni.

Mpango wa huduma unaandikwaje?

Kwa maneno ya mteja. "Kuboresha uwezo wa kujongea" haimwambii mtu kitu. Bibi mmoja nilimuuliza anataka nini akaniambia, "Nataka Ijumaa niende kwenye maulidi kwa miguu yangu." Hapo mpango ukajiandika: mazoezi ya kuinuka mara tano asubuhi na jioni, fimbo ya urefu unaomfaa, mjukuu wa kumsindikiza, na kiti cha kupumzikia kwa muuza mkaa katikati ya njia. Kila kitu kina jina la mtu na siku. "Familia itasaidia" maana yake hakuna atakayesaidia.

Angalia pia nani anaruhusiwa kufanya nini. Katika familia nyingi mke wa mwana hawezi kumwogesha baba mkwe wake. Ni aibu kwa wote wawili. Ukiandika "aogeshwe na mkwe" atakubali kwa kichwa, na mzee hataoga. Tafuteni mjukuu wa kiume, mpwa, au jirani wa rika lake.

Mzee wetu ana haki ya kutibiwa bure?

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mwenye miaka 60 na kuendelea, na wazee wasiojiweza wana msamaha kwenye vituo vya serikali. Hospitali nyingi zina dirisha la wazee. Safari huanzia serikali ya mtaa au kijiji kwa barua, kisha afisa ustawi wa jamii wa halmashauri au wa hospitali. Beba kitambulisho cha taifa, au chochote kinachoonyesha umri. Mfanye hivyo akiwa mzima. Kuanza kutafuta barua wakati mtu yuko kwenye machela ni mateso niliyoyaona mara nyingi mno. Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote mwaka 2023, kwa hiyo ulizia ofisini utaratibu wa sasa kwa wasio na uwezo.

Zanzibar ina pensheni jamii tangu 2016, kwa kila aliyefikisha miaka 70, awe aliwahi kuajiriwa au la. Kwa kaya maskini kuna TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii), lakini walengwa huibuliwa kwa utaratibu wake. Usimwahidi mteja kwamba utamwingiza.

Nitasema la moyoni: msamaha wa kwenye karatasi na dawa iliyopo dirishani ni vitu viwili. Niliwahi kumpeleka babu mwenye barua kamili kwenye kituo kimoja, tukapewa ushauri bure, kipimo bure, na cheti cha kwenda kununua dawa duka la nje. Kwenye mpango wako andika pesa hiyo itatoka wapi.

Mteja akikataa huduma?

Uliza kwanza anakataa nini. Aliyekataa kigari cha kusukumwa huenda hakatai kutembezwa, anakataa kupitishwa sokoni akionekana. Aliyekataa kliniki huenda anamjua mhudumu wa pale. Mtu mzima mwenye akili timamu akikataa baada ya kuelewa, heshimu, iandike, na muulize kama unaweza kupita tena mwezi ujao. Mara nyingi wanakubali mara ya tatu.

Naweza kumpa mteja hela yangu mfukoni?

Sote tumefanya, tusidanganyane. Lakini mara ya pili utasubiriwa wewe, si huduma, na mwenzako atakayefuata bila hela ataonekana mbaya. Peleka hitaji mahali linapoweza kujibiwa zaidi ya mara moja: kanisani, msikitini, kikoba, ukoo, ofisi ya kata. Ukipewa mayai au papai wakati wa kuaga, pokea moja, shukuru, na uandike.

Na anayemtunza?

Muulize mbali na mgonjwa: "Wewe unalala saa ngapi?" Karibu kila mara ni mwanamke, na karibu kila mara ndiyo mara ya kwanza mtu kumuuliza habari zake tangu ugonjwa uingie. Angalia mgongo wake, presha yake, biashara yake iliyokufa. Akianza kumfokea mgonjwa, usikimbilie kuandika unyanyasaji bila kuhesabu kwanza usiku alizokesha. Itisha kikao cha ukoo. Wanaotuma pesa kutoka mjini waambiwe kwamba Jumamosi mbili za kuja kumpokea zina thamani kuliko elfu ishirini. Wengine watakuja, wengine watatuma elfu thelathini.

Niandike nini kwenye faili?

Ulichokiona, ulichoambiwa na nani, na ulichofanya, kwa tarehe na saa. "Mteja ni mchafu" ni hukumu. "Nguo zina mkojo, ndoo ya maji iko nje ya uzio, mteja hawezi kubeba" ni taarifa, na aliyeisoma anajua cha kufanya. Andika kama vile mteja atakuja kuisoma siku moja. Mmoja alinisomea nilichoandika kwa sauti mbele ya mkuu wangu, neno kwa neno.

Nirudi lini, na faili linafungwa lini?

Ametoka hospitali juzi: ndani ya wiki. Hali imetulia: kila mwezi, kisha kila miezi mitatu. Akianguka, akifiwa, akihamishwa nyumba, au mtunzaji akiondoka, tathmini inaanza upya hata kama ilifanyika jana.

Faili hufungwa malengo yakitimia, akihamia kwingine na ukalikabidhi kwa mwenzako, au akifariki. Akifariki, nenda msibani kama unaweza, kisha pita tena baada ya arobaini. Aliyemtunza atakuwa amekaa kibarazani, mikono haina kazi. Utamsalimia, atakujibu kwamba hajambo. Kaa, usiwe na haraka.